Kadi ya dhahabu ni ya mmoja, mizigo ni ya wengi

Wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou, Dubai au Istanbul kununua bidhaa ni nadra kuondoka peke yao. Husafiri wawili, watatu au watano ili wagawane gharama za chumba, teksi na mkalimani. Wakulima na wasindikaji wa mazao nao hufanya hivyo wanapokwenda kwenye maonyesho ya nje, kama yale ya mboga na matunda ya Fruit Logistica yanayofanyika Berlin kila mwaka.

Katika msafara wa namna hiyo mara nyingi yupo mmoja aliyesafiri sana, hadi kampuni ya ndege ikampa kadi ya daraja la juu, ya fedha au ya dhahabu. Kadi hiyo humwongezea mzigo, humpitisha kwenye foleni fupi na kumfungulia mlango wa chumba cha mapumziko. Wenzake huondoka nyumbani wakiamini kwamba neema hiyo itawafikia na wao.

Tatizo ni kwamba wengi hukata tiketi kila mtu kivyake, kwa wakala wake, siku aliyopata fedha. Wanakutana kaunta ya uwanja wa ndege wakiwa na mizigo, na hapo ndipo wanapoambiwa kuwa kompyuta haiwatambui kama watu wanaosafiri pamoja. Begi lililohesabiwa kuwa la bure linageuka kuwa la kulipiwa, na faida ya safari inaanza kuliwa kabla bidhaa haijafika dukani.

Kadi hizi zilianzaje

Mpango wa kuwazawadia wasafiri wa mara kwa mara ulishika kasi Marekani mwaka 1981, pale American Airlines ilipoanzisha AAdvantage mwezi Mei, na United ikafuata siku chache baadaye. Lengo lilikuwa kumfanya msafiri asihamie kwa mshindani. Kila safari ilihesabiwa kwa maili, na aliyefikisha kiwango alipewa tiketi ya bure au huduma bora zaidi.

Baadaye makampuni yaliungana ili kadi ya moja iheshimiwe na nyingine. Star Alliance ilianzishwa mwaka 1997, oneworld ikafuata 1999 na SkyTeam mwaka 2000. Kwa msafiri wa Afrika Mashariki miungano hii ina maana kubwa. Kenya Airways iliingia SkyTeam mwaka 2010, Ethiopian Airlines ikaingia Star Alliance Desemba 2011, na Qatar Airways ikajiunga na oneworld mwaka 2013. Emirates haimo katika muungano wowote, na Air Tanzania pia haimo. Kadi ya Emirates basi haimsaidii mtu anayepanda ndege ya Ethiopian.

Heshima hiyo huweza pia kuondoka. China Southern, kampuni yenye makao yake Guangzhou, ilijitoa SkyTeam kuanzia Januari 2019. Mfanyabiashara aliyekuwa akiitumia kadi ya kampuni hiyo kupata nafuu kwa wanachama wengine wa SkyTeam alilazimika kupanga upya safari zake.

Nini ni cha mwenye kadi, nini ni cha mwenzake

Nafuu za kadi zimegawanyika katika mafungu matatu, na ni vizuri kila msafiri ayajue.

Fungu la kwanza ni nafuu za mwenye kadi peke yake. Mzigo wa ziada uko hapa. Mwenye daraja la dhahabu la Star Alliance huongezewa kilo 20 pale mzigo unapohesabiwa kwa uzito, au begi moja pale unapohesabiwa kwa idadi. SkyTeam nayo humpa msafiri wa Elite Plus nyongeza ya kilo 20 au begi moja. Emirates, katika safari zinazopimwa kwa uzito, huongeza kilo 12 kwa kadi ya fedha na kilo 16 kwa kadi ya dhahabu. Nyongeza hizi zote zimeandikwa kwa jina la mwenye kadi. Hazigawanywi kwa wenzake hata kama wamekaa kiti cha jirani.

Fungu la pili ni nafuu za mgeni. Mwenye dhahabu wa Star Alliance, kwa mfano, anaweza kuingia na mgeni mmoja katika chumba cha mapumziko. Hapa si lazima tiketi ziwe zimekatwa pamoja. Kinachoangaliwa ni pasi ya kupandia ndege, na kwa kawaida mgeni anatakiwa awe anasafiri ndege ile ile. Lakini ni mgeni mmoja tu. Kundi la watu wanne litamwacha mtu wa tatu na wa nne nje ya mlango.

Fungu la tatu ni nafuu zinazomfikia mwenzake iwapo tu majina yao yamo katika tiketi za pamoja. Uchaguzi wa viti vizuri bila malipo uko hapa. United ya Marekani, kwa mfano, humruhusu mwenye daraja la Platinum kuchagua viti vyenye nafasi kubwa ya miguu pamoja na wenzake hadi 8, kwa sharti kwamba wote wamo katika uhifadhi mmoja. Aliyekata tiketi kivyake, hata kama ni mume au mke wa mwenye kadi, kompyuta haimwoni.

PNR ndiyo inayosema nani yuko na nani

Siri yote imo katika namba ya uhifadhi, ile yenye herufi na tarakimu sita ambayo mawakala huiita PNR. Watu waliokatiwa tiketi kwa pamoja huwa na PNR moja. Kwa kawaida PNR moja huchukua abiria hadi 9. Kuanzia watu 10 makampuni mengi huwahesabu kuwa kundi, na masharti ya bei na ya kubadili tarehe huwa tofauti.

Watu waliokata tiketi kwa nyakati tofauti huwa na PNR tofauti, na kwa kawaida haziwezi kuunganishwa kuwa moja baada ya kulipiwa. Kinachowezekana ni wakala au kampuni ya ndege kuandika katika kila PNR kwamba abiria huyu anasafiri na yule. Maelezo hayo ni msaada, lakini si haki. Yanamwezesha mhudumu kuwaweka jirani au kuwafikiria pamoja ndege inapoharibika. Hayamwongezei mtu begi.

Jambo jingine linalosahaulika ni tarehe ya kurudi. Wanunuzi wengi huondoka pamoja na kurudi kila mtu anapomaliza shughuli zake. Mmoja akibadili tarehe, PNR hugawanywa, na kuanzia hapo aliyebaki peke yake huhesabiwa kama msafiri asiye na kadi. Kwa mnunuzi wa bidhaa hilo ni jambo zito, kwa sababu mzigo mkubwa ni wa kurudi, si wa kwenda.

Hesabu ya begi la saba

Chukulia wauza nguo watatu wanaorudi kutoka Guangzhou. Tiketi zao zinaruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kwa kila mmoja, na mmoja wao ana kadi ya dhahabu. Mabegi ya kawaida ni sita, sawa na kilo 138. Kadi inaongeza begi moja, hivyo jumla ni mabegi saba, kilo 161.

Hesabu hiyo haibadiliki, PNR ikiwa moja au tatu. Begi la saba ni la mwenye kadi. Akitaka kuwasaidia wenzake, njia ni moja: mzigo wao uingie katika begi lake, kwa jina lake. Ndiyo maana maneno kama "Dada, hili begi langu lipitie kwako" husikika sana karibu na kaunta.

Baadhi ya makampuni huwaruhusu abiria wa PNR moja, waliofika kaunta pamoja, kujumlisha kilo zao pale mzigo unapopimwa kwa uzito. Aliyepungukiwa humfidia aliyezidisha. Pale mzigo unapohesabiwa kwa idadi ya mabegi, kilo hazichangwi. Kila begi husimama peke yake. Begi la kilo 27 litalipiwa hata kama la jirani lina kilo 15. Na hata kwa mwenye kadi ya daraja la juu kabisa, begi moja kwa kawaida halitakiwi kuzidi kilo 32, kwa ajili ya usalama wa wapakiaji.

Jina lililo kwenye lebo

Kabla ya kupitisha begi la mwenzake, mwenye kadi anapaswa kufikiri mara mbili. Lebo inayobandikwa kaunta hubeba jina lake. Mhudumu anapouliza iwapo amefunga begi mwenyewe na iwapo kuna mtu amempa kitu cha kubeba, jibu lake ndilo litakalochukuliwa. Likikutwa ndani jambo la haramu, wa kwanza kuhojiwa ni mwenye jina. Forodhani ni hivyo hivyo: bidhaa za biashara si vitu vya matumizi binafsi, na anayezipitisha ndiye anayeulizwa risiti na ushuru.

Upande wa mwenye bidhaa nao una hatari yake. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama wake, unaweka ukomo wa fidia ya mzigo kwa kila abiria, si kwa kila begi. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo huo ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha IMF, ambazo ni karibu dola 2,000 za Marekani. Mabegi matatu yakipita kwa jina moja na yote yakapotea, ukomo ni ule ule mmoja. Na anayedai ni mwenye jina kwenye lebo. Mwenye bidhaa hana karatasi ya kumwonyesha mtu.

Mwenye mzigo wa thamani kubwa anaweza kutangaza thamani yake kaunta na kulipia nyongeza, ili ukomo huo upande. Begi likiharibika, malalamiko ya maandishi yanatakiwa ndani ya siku 7 tangu kulipokea. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu lilipofika. Ni busara kupata hati ya taarifa kabla ya kutoka uwanjani.

Ndege ikiahirishwa

Tofauti ya PNR huuma zaidi siku ndege inapofutwa. Viti vya ndege inayofuata hugawanywa, na mara nyingi mwenye kadi hutangulizwa. Waliomo katika PNR yake huwa na nafasi nzuri ya kuhamishwa naye. Wenye PNR zao hubaki kwenye foleni ya kawaida. Mwenye kadi anaweza kujikuta amepewa kiti cha usiku huo huku wenzake wakisubiri siku mbili, nao ndio wenye risiti au fedha za kundi. Ni vizuri basi kila mmoja abebe nakala ya hati zake na fedha za kujikimu, wala msafara wote usitegemee mkoba wa mtu mmoja.

Maili za familia si daraja

Baadhi ya makampuni yana akaunti za familia. Emirates, kwa mfano, ina utaratibu wa watu hadi 8 kuweka maili zao chungu kimoja ili wapate tiketi ya zawadi mapema. Hata hivyo, maili hizo ni za kununulia tiketi. Daraja hupatikana kwa safari za mtu mwenyewe, na kadi ya baba haimfanyi mtoto kuwa wa dhahabu. Pia kadi haiazimwi. Jina la kwenye kadi lazima lilingane na la pasipoti.

Yafaayo kufanywa kabla ya kulipa

Kwanza, wanaosafiri pamoja wakubaliane tarehe ya kwenda na ya kurudi, wachange fedha, na wakate tiketi siku moja katika PNR moja.

Pili, kila mmoja ajiunge na mpango wa kampuni hiyo. Kujiunga na ShebaMiles ya Ethiopian, Asante Rewards ya Kenya Airways au Skywards ya Emirates ni bure. Namba ya kila mmoja iandikwe kwenye tiketi yake. Anayekwenda Guangzhou mara nne kwa mwaka bila namba anatupa maili alizolipia.

Tatu, kama tiketi zimeshakatwa mbalimbali, wampigie wakala au kampuni na kuomba PNR ziandikwe kuwa zinasafiri pamoja. Wafike kaunta kwa wakati mmoja.

Nne, begi la ziada la mwenye kadi litumike kwa makubaliano ya wazi: nani anaweka nini, kilo ngapi, na likipotea fidia itagawanywaje. Waandikiane, na mwenye kadi aone kila kitu kinapofungwa.

Tano, walinganishe gharama. Bei ya begi la ziada likilipiwa mapema kwenye mtandao, katika makampuni mengi, ni nafuu kuliko ya kaunta. Na kwa mzigo mkubwa usio na haraka, meli itabaki kuwa rahisi kuliko kadi yoyote.

Kadi ya rafiki ni baraka kwa aliyejipanga. Kwa asiyejipanga ni mwavuli wa mwenzake: anaupita karibu na mvua inamnyeshea.