Kabla ya Kurekodi Piano, Tafuta Kelele Inakotoka



Mwaka jana kwaya ya parokia moja upande wa Temeke iliniomba niisaidie kurekodi nyimbo za mwalimu wake, mzee ambaye vidole vyake vimeanza kukaza. Alipiga piano ya zamani iliyoko ukumbini hadi usiku wa manane. Asubuhi tuliposikiliza, kila mwisho wa mstari kanyagio lililia kama mlango wenye kutu. Tulijaribu kuufuta mlio huo kwa kompyuta, ukaondoka pamoja na sauti ya piano. Mzee akakubali kurudia, lakini vidole vilimchokea kabla ya wimbo wa mwisho. Wimbo huo haujarekodiwa hadi leo.

Aristotle anafundisha kwamba hatukijui kitu mpaka tujue chanzo chake. Kelele za piano nazo ni hivyo.

Piano si kama kinanda cha umeme. Ukibonyeza kibao, nyundo yenye kichwa cha sufu hupiga nyuzi. Ukiachia, kizuizi hushuka na kuzima mlio. Kanyagio la kulia huinua vizuizi vyote kwa pamoja. Hapa pwani, hasa wakati wa masika, unyevu huvimbisha mbao na sufu, na springi hushika kutu. Kwa hiyo fanyeni haya mapema:

1. Mmoja akanyage bila kupiga, mwingine afungue ubao wa chini, amulike kwa tochi na kusikiliza. Mbao kavu zinazosuguana zipakeni risasi ya penseli. Msitie mafuta ya cherehani, kwani huloweka sufu na kukusanya vumbi. Nyundo na vizuizi mwachieni fundi wa piano.

2. Kazeni skrubu za benchi. Mpigaji avue pete, saa na rozari ya mkononi. Zimeni feni.

3. Mpigaji aachie kanyagio taratibu. Stendi ya maikrofoni ikae juu ya kipande cha zulia, ili mtikisiko wa sakafu usipande.

4. Msiweke maikrofoni karibu na nyundo. Kama ni piano ya kusimama, isogezeni mbali na ukuta na kurekodi kwa nyuma, kwenye ubao unaokuza mlio. Huko migongano ya vibao husikika kidogo.

5. Rekodini dakika moja tu, msikilize kwa hedifoni, ndipo mwendelee.

Msitafute ukimya kamili. Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada aliyefariki mwaka 1982, alikalia kiti cha kukunja alichorekebishiwa na baba yake, na mlio wa kiti hicho unasikika katika rekodi zake. Watu bado wanazisikiliza. Pumzi ya mpigaji na mguso mwepesi wa vibao ni sehemu ya upigaji. Kanyagio linalolia juu ya sala ndilo la kushughulikia, tena kabla mzee hajaketi kupiga.