Bunduki Marekani: haki au kibali? Tuelewane kwanza kabla ya kubishana



Kila yanapotokea mauaji ya risasi kwenye shule ya Marekani, lazima utamsikia mtu kwenye kafe anageuza kiti na kuuliza: hivi hawa jamaa, na elimu yao yote na hela zao zote, wanashindwa nini kupiga marufuku bunduki yaishe? Wa pembeni anamjibu: Wamarekani wanapenda bunduki tu, hawana lolote. Basi, mjadala umekwisha, kila mtu anarudi kwenye imeili yake.

Majibu hayo mawili hayatoshi. Kuna wenzetu wengi wako kule wanasoma, wengine wanabeba boksi, wengine wanasubiri majibu ya bahati nasibu ya viza. Ni vizuri tujue huo ugomvi wa bunduki unahusu nini hasa. Twende taratibu.

Yote yanaanzia kwenye neno mgambo

Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani yaliidhinishwa mwaka 1791. Ni sentensi moja tu, maneno 27 kwa Kiingereza. Kwa ufupi inasema kwamba kwa kuwa mgambo uliopangwa vizuri unahitajika kwa usalama wa nchi huru, haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba isiingiliwe.

Ukisikia mgambo usiwaze wale wanaokimbizana na machinga na kubeba masufuria ya mama ntilie. Waza ule wa kwenye methali, la mgambo likilia kuna jambo. Baragumu likipigwa, wanaume wanatoka majumbani na silaha zao kulinda mji. Marekani ya wakati ule ilikuwa hivyo. Walikuwa wametoka kupigana na mfalme wa Uingereza, na vita yenyewe ilianza Aprili 1775 pale askari wa mfalme walipotumwa kwenda kukamata silaha zilizohifadhiwa Concord, Massachusetts. Kwa hiyo kuogopa serikali inayonyang'anya watu silaha halikuwa jambo la kufikirika kwao. Lilikuwa limewatokea.

Sasa ugomvi uko hapa. Sentensi ile ina sehemu mbili. Kundi moja linasema sehemu ya kwanza ndiyo inayoongoza: haki ni ya mgambo, na mgambo wa namna ile haupo tena, kwa hiyo serikali iko huru kudhibiti bunduki. Kundi la pili linasema sehemu ya kwanza ni sababu tu, haki yenyewe imetajwa kuwa ya "watu", na watu ni mimi na wewe.

Kwa muda mrefu mahakama nyingi ziliegemea kundi la kwanza. Mwaka 1939, katika kesi ya Miller, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hakuna ushahidi kwamba bunduki aina ya shotgun iliyokatwa mtutu inahusiana na kazi ya mgambo, kwa hiyo Katiba hailindi mtu kuwa nayo.

Mambo yaligeuka tarehe 26 Juni 2008. Jiji la Washington lilikuwa limepiga marufuku bastola tangu 1976. Mlinzi mmoja, Dick Heller, alikuwa anavaa bastola kazini kulinda jengo la serikali, lakini akirudi nyumbani haruhusiwi kuwa nayo. Akashtaki. Majaji 5 dhidi ya 4 wakaamua kwamba haki ni ya mtu mmoja mmoja, na mtu anaweza kuweka bastola nyumbani kwa kujilinda. Jaji Antonin Scalia aliyeandika hukumu hiyo aliongeza kwamba haki hiyo ina mipaka: wahalifu na wagonjwa wa akili wanaweza kuzuiwa, na shuleni au kwenye majengo ya serikali bunduki inaweza kukatazwa. Mwaka 2010 ikaja kesi ya Otis McDonald, mzee mweusi wa Chicago ambaye nyumba yake ilikuwa imevunjwa na wezi. Hapo haki hiyo ikazibana serikali za majimbo na miji pia.

Nani anatakiwa kujieleza?

Hili ndilo jambo ambalo wengi tunalikosa, na kwa maoni yangu ndiyo roho ya mjadala wote.

Hapa Bongo, chini ya sheria ya silaha na risasi ya 2015, bunduki ni kibali. Unaomba, unaeleza unaitaka ya nini, wakubwa wanakuchunguza, na wanaweza kukunyima. Anayejieleza ni wewe. Kule, serikali ndiyo inayotakiwa kueleza kwa nini inakunyima.

Utaona tofauti hiyo kwenye kesi ya Bruen ya mwaka 2022. Kwa zaidi ya miaka 100 jimbo la New York lilikuwa na sheria inayofanana na ya kwetu: ukitaka kutembea na bastola barabarani, uthibitishe una sababu maalum inayokutofautisha na watu wengine. Majaji 6 dhidi ya 3 wakaifuta. Hoja yao ilikuwa kwamba haki nyingine za kikatiba hatuziombi kwa kujieleza. Huendi kwa ofisa kumshawishi kwamba una sababu nzuri ya kusema au kusali, kwa nini hii iwe tofauti? Tena wakasema, serikali ikitaka kuzuia lazima ionyeshe kwamba zuio la aina hiyo lina mizizi katika historia ya nchi hiyo.

Hata hivyo haikuwa ruksa ya kila kitu. Mwaka 2024, kwa kura 8 dhidi ya 1, mahakama hiyo hiyo ilisema mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa sababu ni tishio kwa mwenzi wake anaweza kunyang'anywa bunduki.

Hoja za wanaotaka bunduki zibaki

Msiwadharau, wana hoja. Wengi wanaishi mashambani, polisi wako mbali, na mwizi hasubiri polisi wafike. Tena mwaka 2005 Mahakama Kuu iliamua kesi ya mji wa Castle Rock, Colorado. Mama mmoja aliwapigia polisi mara kadhaa kwamba mume waliyetengana amewachukua mabinti zao watatu kinyume na amri ya mahakama. Polisi hawakuchukua hatua, na watoto waliuawa. Mahakama ikasema mama huyo hakuwa na haki ya kikatiba ya kuwadai polisi watekeleze amri ile. Sasa mtu anakuuliza: kama polisi hawalazimiki kuniokoa, na mimi nisiwe na bunduki, nani atanilinda?

Kuna na historia ya weusi. Baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, Mississippi ilitunga sheria mwaka 1865 ya kuwazuia watu waliotoka utumwani kuwa na bunduki bila leseni. Na Mei 1967 vijana wa Black Panther walipoingia na bunduki kwenye jengo la bunge la California, haikuchukua muda gavana Ronald Reagan akasaini sheria ya kukataza kubeba hadharani bunduki zenye risasi. Kwa hiyo ukimwambia Mmarekani mweusi kwamba udhibiti siku zote ni wa nia njema, anaweza kukucheka.

Hoja za wanaotaka udhibiti

Hawa wanaanza na hesabu. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani. Utafiti wa Small Arms Survey ulikadiria kwamba mwaka 2017 kulikuwa na bunduki milioni 393 mikononi mwa raia, yaani nyingi kuliko watu wenyewe.

Lakini angalia ndani ya hesabu hiyo. Kati ya vifo vile, 26,328 vilikuwa vya watu waliojiua na 20,958 vilikuwa vya mauaji. Yale mauaji ya halaiki tunayoyaona kwenye TV ni sehemu ndogo. Na kwa mauaji ya kawaida, silaha inayotumika zaidi ni bastola, siyo zile bunduki za mtindo wa kijeshi zinazogombaniwa sana. Watetezi wa udhibiti wanasema hapa ndipo umbali na bunduki unapookoa maisha: mtu aliyekata tamaa akikosa silaha mkononi, mara nyingi saa ile mbaya hupita, akapata msaada na akaishi.

Wanataja pia Australia. Baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996, serikali ilibana sheria na kununua kutoka kwa raia bunduki kama 650,000. Kwa nini Marekani haikufanya hivyo? Kwa sababu Katiba ya Australia haina kipengele cha bunduki. Waliwahi kuwa nazo kama kibali, siyo kama haki.

Sasa kwa nini hakibadiliki kitu?

Desemba 2012 watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa kwenye shule ya Sandy Hook. Watoto wa darasa la kwanza, jamani. Miezi minne baadaye Seneti ilipigia kura muswada wa kupanua ukaguzi wa wanunuzi. Waliounga mkono 54, waliopinga 46. Ukakwama! Kwa utaratibu wao zilihitajika kura 60 ili usonge mbele.

Na kila jimbo lina maseneta wawili. Wyoming yenye watu wasiofika 600,000 ina sauti sawa na California yenye kama milioni 39. Kubadili Katiba ndiyo kabisa: theluthi mbili ya mabunge yote mawili, kisha majimbo 38 kati ya 50 yakubali.

Siyo kwamba hakuna kilichowahi kupita. Sheria ya Brady ya 1993 ilileta ukaguzi wa mnunuzi kwenye maduka yenye leseni, ingawa sheria ya taifa bado haimlazimishi mtu binafsi anayemuuzia mwenzake, isipokuwa jimbo liwe na sheria yake. Marufuku ya bunduki za mtindo wa kijeshi iliwekwa 1994 ikaisha muda wake 2004. Na mwaka 2022, baada ya wanafunzi 19 na walimu 2 kuuawa Uvalde, Texas, vyama vyote viwili vilipitisha sheria inayowachunguza zaidi wanunuzi walio chini ya miaka 21.

Kwa walioko kule na wanaojiandaa kwenda

Hili lisambazeni. Haki hiyo haimgusi kila aliyeko Marekani. Mwenye green card anaweza kununua bunduki akipita ukaguzi. Lakini aliyeingia kwa viza ya muda, mfano ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida sheria ya taifa inamkataza kuwa na bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama mwenye leseni halali ya kuwinda. Adhabu inaweza kufika miaka 15 jela. Kwa hiyo mshikaji wako Mmarekani akikwambia "twende tukalenge shabaha, mbona hapa ni ruksa", kumbuka ni ruksa kwake. Usipige picha na bastola ya mtu ukairusha kwa washikaji wa nyumbani. Picha hiyo ni ushahidi.

Mimi nadhani swali la "bunduki ziwepo au zisiwepo" kwa Marekani limeshapitwa, ziko milioni mia nne kasoro na Katiba inazilinda. Kilichobaki ni nani asikabidhiwe, na nani aamue. Hilo la pili hata sisi wenye vibali linatuhusu, maana kibali nacho kina mwenyewe anayekitoa, na tunajua jinsi vibali vinavyopatikana.

Nawasilisha. Wewe ungependa kuishi wapi: mahali unapoomba, au mahali serikali inapoomba? Tupeni maoni, ila matusi pembeni.