Muulize Mwenye Jalada

Tarehe 7 Julai 2004, katika Kaunti ya Coffee huko Alabama, kaunti ya wakulima inayojulikana zaidi kwa mnara waliojenga mwaka 1919 kumuenzi fukusi wa pamba, mtu mmoja aitwaye Herring alifika ofisi ya sherifu kuchukua kitu kilichobaki ndani ya gari lake lililozuiliwa. Mpelelezi aliyekuwa akimfahamu akamwomba karani wa hati atazame kama huyo bwana anatafutwa. Karani akatazama: Coffee hakuna kitu. Basi jaribu kwa jirani, Kaunti ya Dale. Simu ikapigwa, karani wa Dale akafungua kompyuta yake na kujibu kwamba hati ipo na iko hai. Mtu yule hakufika mahakamani kwenye kesi ya jinai. Akafuatwa barabarani, akakamatwa, akapekuliwa. Mfukoni ikakutwa methamfetamini, garini bastola. Karani wa Dale naye alikuwa ameinuka kwenda kuitafuta karatasi yenyewe aitume kwa faksi, asiione. Alipouliza mahakamani akaambiwa hati ile ilifutwa miezi mitano nyuma. Kati ya jibu la kwanza na hilo la pili zilipita dakika 10 hadi 15, na zilitosha mtu kuwa ameshatiwa mbaroni.

Kesi hiyo ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Januari 2009, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji wakaamua kwamba vielelezo vilivyopatikana vitumike, kwa kuwa kosa lilikuwa la uzembe wa kumbukumbu na halikuwa la makusudi. Wanasheria huisoma kesi ya Herring kwa ajili ya hoja hiyo ya vielelezo. Mimi naona ina somo lingine kwa mtu wa kawaida anayejiuliza kama anatafutwa katika kaunti fulani ya mashambani. Tazama nani alijua nini siku ile. Polisi hakujua, karani wa kaunti ya kwanza hakujua, na kompyuta ya kaunti ya pili ilijua uongo. Ukweli ulikuwa mahali pamoja tu, mahakamani. Hati ya kukamatwa ni amri ya hakimu. Huzaliwa masijala na hufia masijala. Orodha ya sherifu, skrini ya polisi wa barabarani na tovuti za kulipia ni vivuli vya amri hiyo, na kivuli huchelewa. Kwa hiyo anayetaka kujua amuulize mwenye jalada.

Kusema hivyo ni rahisi. Kazi ni kumjua mwenye jalada ni nani. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na hakuna daftari moja la taifa ambalo raia anaweza kulifungua. Mfumo wa FBI uitwao NCIC, ulioanza mwaka 1967, ni wa vyombo vya dola peke yao, na hata humo si kila hati huingizwa: hati nyingi za makosa madogo hubaki kwenye kaunti zilikotolewa, na nyingine huingizwa zikiwa na maelezo kwamba kaunti haitasafiri zaidi ya umbali fulani kumfuata mhusika. Ndiyo maana dereva anaweza kusimamishwa majimbo mawili mbali, jina lake likapita salama, akaamini yuko safi, kumbe kule alikoandikiwa tiketi hati yake inamngoja. Ndani ya kaunti moja nako kuna mahakama zaidi ya moja. Mji mdogo una yake, mlinzi wa amani, yaani hakimu wa ngazi ya chini, ana yake, mahakama ya wilaya ina yake, kila moja na rejista yake. Kaunti ya Loving, Texas, ilihesabiwa watu 64 katika sensa ya 2020. Katika kaunti ndogo za jimbo hilo sheria inaruhusu karani mmoja kushika kumbukumbu za kaunti na za mahakama ya wilaya pamoja, lakini hata yeye hana majalada ya mlinzi wa amani. Ukiambiwa "huna kesi hapa", neno la kushika ni hilo "hapa".

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama unatafutwa, uliza ni mahakama ipi. Mara nyingi jibu liko kwenye karatasi ambayo mtu aliitia kwenye kisanduku cha gari akaisahau: tiketi huandikwa jina la mahakama na tarehe ya kufika au kulipa. Kupitwa na tarehe hiyo ndiko kunakozaa hati nyingi. Mwaka 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani ilichapisha ripoti yake kuhusu mji wa Ferguson, Missouri, wenye wakazi kama 21,000, na kueleza kuwa mwishoni mwa 2014 watu zaidi ya 16,000, wengine wakiwa wapita njia tu, walikuwa na hati ambazo hazijatekelezwa katika mahakama ya mji huo, nyingi zikitokana na makosa madogo. Ferguson si shamba, lakini utaratibu uliozalisha hati hizo ndio uleule wa barabara za mashambani: faini, tarehe, mtu hakutokea, hakimu akasaini. Waafrika Mashariki wanaoendesha malori huko Marekani, ambao hupita kaunti nyingi kwa siku moja, wana sababu ya kulijua hili kuliko wengi.

Wapo watakaosema huu ni uchoshi, kwani siku hizi kila kitu kiko kwenye intaneti. Kweli, masherifu wengi huweka orodha za wanaotafutwa, na majimbo kadhaa yana mfumo wa kutazama kesi kwa jina. Vitumie, ila ujue vinatafuta kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, na hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Mtu mwenye majina matatu huandikwa leo kwa jina la babu, kesho kwa jina la baba. Wakimbizi wengi, wakiwamo wa kutoka Kongo, walipewa tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari kwa sababu hawakuwa na cheti. Weka kwenye mfumo jina la kawaida kama Mohamed na tarehe hiyo, utaletewa watu usiowajua na huenda wewe mwenyewe usiwemo. Tovuti za kulipia ni mbaya zaidi, maana zinauza nakala ya nakala. Namba ya kesi, au ya tiketi, haina babu wala tarehe ya kuzaliwa. Mpe karani hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kuuliza si kujipeleka? Kwa sehemu ni kweli, na sitalipuuza. Mtu wa Coffee alikamatwa kwa sababu alijitokeza ofisi ya sherifu kwa shughuli nyingine kabisa. Kaunta ya sherifu ina askari. Kaunta ya masijala ina karani. Jalada la kesi iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida ni la wazi kwa umma, hivyo anayepiga simu kuuliza hatua ya kesi namba fulani si lazima awe mshtakiwa. Anaweza kuwa mke, shemeji, au wakili, na wakili ndiye bora. Kuna hati ambazo karani hawezi kuzitaja: zile za tuhuma mpya, zinazofungwa kwa siri hadi mtu akamatwe. Kwa hizo ni wakili tu mwenye nafasi ya kuongea na mwendesha mashtaka na kupanga mteja wake ajisalimishe kwa siku na saa inayojulikana, dhamana ikiwa tayari. Asiye raia asikubali kosa wala kulipa chochote kabla ya kuongea na mwanasheria wa uhamiaji. Tangu hukumu ya kesi ya Padilla mwaka 2010, wakili wa utetezi anawajibika kumweleza mteja wake kama kukiri kosa kutamfukuzisha nchini.

Na kujitokeza kuna faida zinazosahaulika. Texas, kwa mfano, ilibadili sheria yake mwaka 2017: katika mahakama za ngazi ya chini, mtu aliyetolewa hati kwa kutofika akija mwenyewe kabla hajakamatwa na akaonyesha nia njema ya kumaliza jambo, mahakama inapaswa kuifuta hati hiyo. Anayesema "nimeshindwa kulipa" naye si mkaidi mbele ya sheria. Katika kesi ya Bearden, mwaka 1983, Mahakama Kuu ilikataza mtu kufungwa kwa sababu tu hana fedha za faini, bila kwanza kuchunguza kama alijitahidi. Hoja hiyo inasikilizwa vizuri zaidi kwa mtu aliyekuja kwa miguu yake.

Anayependelea kulala juu ya jambo na kungoja lichakae anakosea hesabu. Hati kwa kawaida haizeeki. Hudumu hadi itekelezwe au ifutwe na mahakama. Humpa askari uwezo wa kuingia nyumbani kwa anayetafutwa akiwa na sababu ya kuamini yumo, na hugeuza taa mbovu ya gari kuwa usiku wa rumande. Hofu hiyohiyo ndiyo mtaji wa matapeli wanaopiga simu wakijiita manaibu wa sherifu, wakidai una hati na kwamba itaisha ukinunua kadi za zawadi na kuwasomea namba. Hakuna mahakama inayopokea faini kwa kadi za zawadi. Kata simu, utafute mwenyewe namba ya masijala.

Ukisha kuambiwa kwamba hati imefutwa, usiridhike na neno la simu. Karani wa Dale naye alikuwa na jibu la haraka. Omba nakala ya amri ya kufuta, yenye muhuri wa mahakama, uilipie ada yake, kisha iweke garini pamoja na leseni na karatasi za bima.