Motaboti ya Mashine Mbili: Kutambua Ubovu wa Gia na Mhimili

Motaboti yenye mashine mbili humpa fundi faida moja kubwa: upande ulio mzima ni kipimo cha upande ulio mbovu. Lakini upande mmoja ukipoteza nguvu, chombo hugeukia upande huo, na penye mkondo mkali chaweza kutupwa mwambani. Basi yafaa ubovu utambuliwe chombo kingali gatini.

Kwanza zima mashine, ukalinganishe mafuta ya gia zote mbili. Yaliyogeuka rangi ya maziwa yameingiwa na maji. Meusi yenye harufu ya kuungua huonyesha kuwa klachi inateleza. Kisha funga chombo imara, washa, tia gia, utazame mhimili kwa mbali. Mashine ikivuma na mhimili usizunguke, ubovu u katika gia au katika kiungo. Mhimili ukizunguka bila kusukuma chombo, tazama rafadha.

Mtetemeko ukizidi pamoja na mwendo, yamkini mhimili umepinda au kiungo hakikunyooka. Kiungo na kipimwe chombo kikielea, kwa kuwa pwani kavu umbo la chombo hubadilika kidogo. Asiyepima aweza kununua gia mpya, na mtetemeko ukabaki vile vile.