Pori iliyokatwa vipande: kwa nini gorila wane walipandishwa Tshiaberimu

Mwezi wa kumi 2024, gorila wane wa kike waliachiliwa ndani ya pori ya mlima Tshiaberimu, teritwari ya Lubero, Kivu Kaskazini. Majina yao: Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala. Lulingu ni jina la pahali kule Shabunda, Ndjingala ni la kule Walikale. Wote wane ni yatima waliookolewa wakiwa wadogo, wakalelewa miaka mingi kwenye kituo cha GRACE, Kasugho. Wengi waliosikia habari hiyo waliuliza: kazi yote hii kwa nyama wane tu?

Tshiaberimu, ambayo kwa Kinande maana yake ni mlima wa roho, iko ndani ya mbuga ya Virunga, lakini ni kama chumba cha nyuma chenye mlango mmoja mwembamba. Pande zingine ni mashamba ya watu mpaka kwenye mpaka kabisa. Gorila waliobaki huko juu hawakufika hata kumi.

Hapo ndipo shida. Watu wanafikiri mnyama anamalizwa na risasi na mitego tu. Ni kweli vinaua, lakini pori ikikatwa vipande, hata bila risasi wanyama wanapungua. Gorila wa kike akikomaa huacha kundi la baba yake na kwenda kwa dume lingine, sawa na binti anayeolewa kijiji cha jirani. Kama hakuna kijiji cha jirani, anabaki pale pale, na ndugu wanaanza kuzaa na ndugu. Watoto wanazaliwa dhaifu. Ugonjwa moja ukiua mama wawili, nafasi zao hazijazwi tena. Njo maana wale wane walipelekwa: si kuongeza hesabu tu, ni kuleta damu mpya. Kwanza walikaa ndani ya uzio mkubwa kule mlimani, mpaka dume la porini likawakaribia wenyewe.

Wataalamu wanajuaje mambo ya damu bila kumshika mnyama? Wanaokota mavi. Kila jioni gorila mkubwa hujitengenezea kitanda kipya cha majani; mtoto mdogo analala na mama yake. Asubuhi wafuatiliaji wanahesabu vitanda, wanaangalia ukubwa wa mavi na kuchukua kidogo kwa kupima ADN. Kazi hiyo haiwezekani bila wakaaji wanaosoma nyayo tangu utotoni. Na mwaka 2019 watafiti walilinganisha ADN ya gorila wa leo wa mashariki ya Kongo na ile ya mifupa na ngozi zilizowekwa kwenye makumbusho ya Ulaya tangu karibu miaka mia moja. Walikuta gorila wetu wa mabonde, wale wanaoitwa Grauer, wamepoteza sehemu ya utofauti wa damu yao kwa muda mfupi.

Hesabu yenyewe inahitaji kusomwa kwa akili. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba gorila wa Grauer wamebaki 3.800 hivi, kutoka karibu 17.000 miaka ya 1990 mbele ya vita. Mwaka 2021 ikatoka hesabu nyingine: 6.800. Kumbe hawakuzaana ghafula. Timu zilifika mahali ambapo zamani usalama ulikuwa umezuia, na hesabu ikafanywa upya. Na wengi kati ya hao walikutwa nje ya mbuga, kwenye pori ambazo vijiji vinaziita zetu.

Kwa hiyo kulinda vipande peke yake haitoshi, lazima viunganishwe. Na kiunganishi kinapita karibu kila mara kwenye shamba la mtu. Kahuzi-Biega ni mfano mzuri wa kufundisha, na mgumu. Mbuga ilianzishwa 1970 kwenye sehemu ya milima, kilometa za mraba 600 hivi; 1975 ikapanuliwa mpaka mabonde, ikafika 6.000. Kati ya sehemu hizo mbili kuna njia nyembamba upande wa Nindja. Kwa karatasi ni mbuga. Kwa macho ni mashamba, ng'ombe na nyumba. Wakati wa kupanua, waliokuwa wakikaa humo hawakuulizwa vizuri, na ugomvi huo haujaisha mpaka leo. Kuchora mstari kwenye ramani huko Kinshasa ni rahisi sana.

Itombwe, Kivu Kusini, ilianza vibaya vilevile. Hifadhi ilitangazwa 2006 bila wakaaji kushirikishwa, wakakataa. Safari hii watu walirudi nyuma: vijiji vyenyewe vilichora wapi wanalima, wapi wanawinda, wapi kuna makaburi ya mababu, wapi hakuna anayeingia. Mipaka mipya ilikubaliwa 2016. Ilichukua miaka kumi. Leo shirika Strong Roots linajaribu kuunganisha Kahuzi-Biega na Itombwe kwa njia hiyo hiyo, msitu wa kijiji kimoja ukishikana na msitu wa kijiji kingine.

Sheria inaruhusu. Dekrée ya tarehe 2 mwezi wa nane 2014 inapatia jamii haki ya kuomba msitu wao wa asili, mpaka hektari 50.000, bila malipo na bila mwisho wa muda. Gavana wa jimbo ndiye anayetia sahihi. Kinachochelewesha mara nyingi ni ramani: majirani wawili wanadai mto uleule, au mwami anasema moja na wazee wanasema lingine. Na kuna swali ambalo watafiti wenyewe hawana jibu lake kamili: mama anayeacha kulima hektari yake ili gorila wapite, nani atalipa karo ya watoto wake mwezi wa tisa?