Bonge la Damu Mapafuni: Moyo Nao Hutoa Ishara

Si kila anayehema kwa shida ana kichomi au pumu. Wapo ambao ugonjwa wao umeanzia mguuni.

Mama amejifungua kwa upasuaji. Wiki ya pili mguu mmoja unavimba na kuuma. Kisha ghafla anakosa pumzi, kifua kinachoma, moyo unakwenda mbio, pengine anazimia. Yawezekana damu imeganda katika mshipa wa mguu, bonge likachomoka, likapita moyoni na kuziba mshipa wa mapafu. Hatari hiyo huwapata pia waliovunjika mguu, waliolala kitandani muda mrefu na wagonjwa wa saratani.

Upande wa kulia wa moyo ndio unaosukuma damu kwenda mapafuni. Njia ikiziba, upande huo hulemewa na kutanuka. Daktari akipima moyo kwa ultrasaundi, huliona jambo hilo kwenye kioo cha mashine. Kwa kawaida chumba cha chini cha kulia ni kidogo kuliko cha kushoto. Kikilingana nacho au kukizidi, na ukuta ulio kati yao ukisukumwa kushoto, daktari hushuku bonge.

Kipimo hiki hakiumi, na mashine ndogo hubebwa hadi kitandani. Lakini kina mipaka. Bonge dogo huweza lisibadili moyo, hivyo moyo ukionekana mzima, bado bonge laweza kuwapo. Tena, magonjwa ya mapafu ya muda mrefu nayo hutanua upande huo. Kwa hiyo daktari hupima na mishipa ya mguu: mshipa ukibonyezwa usipobonyea, huenda una bonge. Picha ya CT yenye dawa mshipani ndiyo huthibitisha, nayo hupatikana hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza.

Kutoka Bukundi, wilayani Meatu, hadi Mwanza ni mbali. Ultrasaundi ikionyesha moyo umelemewa, daktari aweza kuanza oksijeni na dawa ya kuzuia damu kuganda kabla ya safari.

Tunawasihi wenye wazazi nyumbani: wasaidieni kuamka na kutembea mapema kadiri mkunga alivyoelekeza. Mguu mmoja ukivimba, msiukande wala kuuchua. Pumzi ikikata ghafla, msingoje kukuche. Mleteni mgonjwa mara moja, na mtueleze habari za mguu huo hata kama hatujauliza.