Kichanga akiongezewa damu, mzazi ahesabu pumzi

HUKU kwetu mpakani, daktari akisema mtoto mchanga anahitaji damu, ukoo mzima hukutana. Atatokea shangazi wa kusema kwamba damu ya mtu mwingine "itamziba pumzi", na baba ataogopa kutia saini. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, ila si sababu ya kukataa damu.

Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa na kusoma ukimbizini Ulyankulu, Tabora, nikarudi Burundi mwaka 2008. Jambo hili nalieleza kwa hesabu.

Mtu mzima ana damu kama lita 5. Kichanga wa kilo 3 ana mililita 250 hivi, hazijai hata chupa ya soda. Kwa hiyo hupimiwa kwa uzito: kwa kawaida mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, yaani 30 hadi 60 kwa mtoto huyo, zikiingia polepole kwa saa 3 au 4. Anayevuja damu nyingi ndiye huharakishiwa. Ikizidi kipimo au ikienda mbio, moyo huelemewa, maji hujaa mapafuni, pumzi inakuwa ya shida. Watoto njiti wamo hatarini zaidi.

Ipo shida nyingine, ya nadra. Kinga zilizomo katika damu ya mchangiaji huchokoza chembe nyeupe za mpokeaji, na mapafu yakadhurika ndani ya saa 6.

Mzazi afanye nini? Kichanga aliyetulia hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika. Hesabu dakika nzima kabla damu haijaanza, kisha rudia mara kwa mara. Zikipita 60, au kifua kikibonyea chini ya mbavu, pua zikitanuka, akigumia au midomo ikigeuka buluu, mwite muuguzi papo hapo. Usiguse mrija mwenyewe. Hata damu ikiisha, endelea kumwangalia hadi kesho yake.

Jirani yangu, mama anayevusha ndagala kutoka Mugina kwenda Manyovu, alifanya hivyo. Alipohesabu 74 alimwita muuguzi. Damu ilisimamishwa, mtoto akawekewa oksijeni na kupewa dawa ya kupunguza maji. Siku ya pili alinyonya.

Ndugu zangu tunaojifungulia upande huu na kutibiwa upande wa pili, tubebe kadi ya kliniki na kusema wazi kama mtoto alishapewa damu au dripu, maana daktari mpya hana faili lake.

Mtoto aliyepungukiwa sana na damu anaweza kufa akiikosa. Basi kabla ya kutia saini, uliza: ana kilo ngapi, atapewa mililita ngapi, kwa muda gani, na nani atakuwa akimpima pumzi?